Vitunguu vya Ghorofa ya Tatu

"Si vitunguu vyangu," alisema Riekie Zandstra kwa mara ya tatu, amesimama kwenye ngazi na mfuko wa sokoni begani. "Vitunguu vyangu viko jikoni kwangu, jirani. Mimi nakaa juu, wewe unakaa chini. Tangu lini harufu ikashuka ngazi na kubisha hodi?"

Wiebe Harkema wa ghorofa ya pili hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alikuwa mzee mrefu, amenyooka kama mlingoti, mstaafu aliyetumia miaka arobaini kupima kina cha maji kwenye mifereji ya serikali. Mkononi alishika daftari dogo lenye jalada la kijani. Alilamba kidole, akafunua.

"Jumatatu, saa kumi na moja na dakika ishirini, vitunguu," alisoma. "Jumanne, saa kumi na moja na nusu, samaki wa kukaanga. Jumatano, kabichi. Ijumaa, nyama yenye siki na karafuu, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili kasorobo."

"Umeyaandika yote hayo?"

"Mtu asiyeandika hubaki kubishana. Na inatokea chumbani, bibi. Si sebuleni, chumba cha kulala. Nalala na samaki wako."

"Shukuru basi. Umepata wa kulala naye."

Neno likishatoka halirudi. Jengo zima lilijua, na Riekie kuliko wote maana habari zilimfikia hata zikipitia chini ya mlango, kwamba Aukje, mke wa Harkema, alifariki mwaka uliopita kabla hawajamaliza kutundika mapazia. Mzee alifunga daftari taratibu. Akasema atamwita msimamizi wa jengo, kisha akaingia kwake. Mlango ulijifunga bila sauti, kwa kuwa milango ya jengo lile haikuweza kubamizwa. Ilizungushiwa mpira pande zote. Hata hasira wapangaji walinyimwa.

Na hilo ndilo lililomkata maini Riekie tangu alipohamia. Mtaa wake wa zamani, hapo hapo mjini Zwolle, upande wa pili wa reli, ulikuwa wa nyumba za matofali zenye kuta nyembamba: jirani akipiga chafya, unamwitikia "afya" ukiwa kitandani kwako. Mlango wa nyuma haukufungwa. Kahawa ilinywewa jikoni kwa mtu yeyote aliyekuwa na kahawa, na kufika saa nne asubuhi ulikuwa umeshajua nani kagombana na mumewe, nani kanunua kochi na kwa nini. Kisha likaja tangazo kwamba mtaa mzima unabomolewa. Riekie alikuwa ameshakaa miaka kumi na mmoja kwenye orodha ya kusubiri nyumba, na orodha hiyo ndiyo iliyomtupa Weidehof, kwenye jengo jipya la daraja la juu kabisa la kubana umeme. Binti yake Lianne alishangilia kana kwamba mama kashinda bahati nasibu.

Bahati nasibu gani. Joto lilitoka sakafuni, na ukilitaka jioni ulipaswa kuliomba asubuhi. Vioo vilikuwa vya tabaka tatu, mvua inanyesha unaiona tu kama picha. Ukifungua dirisha, kidude cha ukutani kiliwasha taa ya njano na kukukodolea macho kama mwalimu mkuu. Jua likichomoza kidogo, vifuniko vya nje vilijishusha vyenyewe. Mara moja alikuwa dirishani akimpungia mkono dada yake Dinie aliyekuwa anafunga baiskeli chini, akaona lile pazia la bati linashuka kati yao, yeye bado kainua mkono. Na majirani ndio hivyo. Kwenye lifti walisema "habari za asubuhi" kisha wakavitazama viatu vyao mpaka chini. Wiki ya kwanza alialika ghorofa zote kwa kahawa. Walikuja watu watatu, wakakaa na makoti yao, kila mmoja akala biskuti moja, kopo la biskuti likafungwa.

Kilichobaki kuwa chake ni jiko. Kila Ijumaa Dinie na wanawake watatu wa mtaa wa zamani walikuja kula, na kelele zao kwa saa mbili zilimtosha wiki nzima. Juu ya jiko alikuta kijisanduku cheupe cha kuvutia moshi, hakina injini, hakina sauti, na kwa macho yake hakikuvuta hata pumzi ya sisimizi. Siku yake ya kuzaliwa, Gijs, mume wa Lianne, mwanamume asiyeweza kuona ukuta bila kutafuta dreli, aliking'oa akamfungia kingine chenye injini. Hicho kilinguruma kama lori. Riekie alikipenda. Angalau kitu kimoja mle ndani kilikuwa na sauti.

Msimamizi alifika Jumanne asubuhi. Aliitwa Jorien, msichana mwenye viatu vya matope na karatasi ya chooni mfukoni. Alikitazama kile kivuta-moshi, akatazama dari. Alikiwasha mpaka mwisho, akamwomba Riekie washuke wote kwa Bwana Harkema.

Riekie alikuwa hajawahi kuingia mle. Chumbani kitanda cha watu wawili kilitandikwa vizuri, mto mmoja umebonyea, wa pili haujaguswa. Aliutazama huo wa pili, akaangalia pembeni. Jorien alichana kipande cha karatasi, akapanda kwenye kiti, akakiweka kwenye tundu la hewa lililokuwa juu ya kitanda. Tundu likiwa zima, alisema, huivuta karatasi ikabaki imeganda. Alipoachia, karatasi iliruka nje, ikaelea na kutua kwenye mto ambao haujaguswa. Nyuma yake ikaja harufu. Vitunguu. Vitunguu vyake mwenyewe, alivyokaanga asubuhi ile ile na mayai.

Uso ulimshuka Riekie. Jorien alieleza bila kupaza sauti kwamba jengo zima linapumua kwa bomba moja, na feni iko juu ya paa inavuta polepole kwa wote. Ukifunga injini yako, moshi hauendi juu, unausukumia kwa wenzako. Imeandikwa ukurasa wa kumi na nne wa kitabu cha mpangaji. Riekie alikijua kitabu hicho. Alikuwa amekiweka chini ya mguu mfupi wa kabati la mama yake.

Kisha likaja lililo zito. Kile chombo kitoke kesho. Bwana Harkema ana haki ya kujaza fomu ya malalamiko, na hii hapa. Mkataba wa Bibi Zandstra ni wa miaka miwili na umebakiza miezi mitatu. Lalamiko la maandishi likiwemo kwenye faili, mwenye jengo hatatia saini mpya.

"Na nitaenda wapi?" aliuliza Riekie. "Kwangu kumebomolewa."

Jorien alisema anasikitika, na ilionekana kweli anasikitika, lakini fomu aliikabidhi. Harkema aliikunja mara mbili, akaichomeka kwenye daftari lake, akasema atafikiri mpaka Ijumaa. Riekie alitaka kumwomba radhi pale pale. Kinywa kilipofunguka kikatoa habari za Gijs na dreli yake, na jinsi hakuna aliyemwambia, na jinsi nyumba ya kisasa inavyomtega mtu mzima. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamfungulia mlango.

Jumatano Gijs alikuja kukifungua kile chombo, akilalamika kama anang'olewa jino. Riekie alimpigia simu Dinie kumwambia Ijumaa wasije. Dinie akataka kujua ni nani huyo mzee, ana miaka mingapi, ana watoto, na mwonekano wake je. Kwa mara ya kwanza maishani Riekie akamkatia dada yake umbea katikati. Jioni alikula mkate na jibini. Alhamisi alikula mkate na jibini. Akizima redio, nyumba ilinyamaza kiasi kwamba alisikia friji inafikiri. Alimkasirikia Gijs, akamkasirikia Jorien na karatasi yake, akakikasirikia kidude cha ukutani na kukigeuzia picha ya marehemu mama yake iwe inakitazama. Na kila alipomaliza mzunguko wa hasira alirudi pale pale ngazini, kwenye lile neno moja, na hapo hakuwa na wa kumsingizia.

Ijumaa saa saba mchana alivaa koti akaenda buchani.

"Kama nitafukuzwa," aliiambia friji aliporudi, "nifukuzwe nimeshiba."

Alipika hachee ya kwelikweli, kama ya mama yake: nyama ya ng'ombe iliyokatwa minofu, vitunguu kilo nzima, siki, majani mawili ya kiungo na karafuu, moto mdogo, kwa muda wa saa nne bila haraka. Pembeni akaweka kabichi nyekundu na viazi vya kuponda. Kile kijisanduku cheupe, ambacho Gijs alikirudisha kikiwa kimepinda upande, kilivuta kidogo kidogo, kwa adabu. Harufu iliyobaki ilijaa sebuleni, ikaingia kwenye mapazia na nywele. Alifungua dirisha, Novemba ile. Taa ya njano ikawaka. Akaiacha iwake.

Saa kumi na mbili juu ya alama, kengele ililia.

Pale Weidehof hakuna anayepiga kengele ya mtu saa kumi na mbili. Ndiyo saa ya chakula cha jioni: watoto hurudishwa makwao katikati ya mchezo, na wageni hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Kwa hiyo Riekie alijua ni nani na kaleta nini. Alifuta mikono, akafungua.

Harkema alikuwa amechana nywele. Alishika daftari la kijani, na ncha ya fomu ilichungulia katikati ya kurasa.

"Nimekuja saa mbaya," alisema.

"Karatasi haina saa mbaya. Nipe tu."

"Nina swali kwanza." Alilamba kidole, akafunua. "Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna. Leo mpaka saa kumi na moja na nusu, hakuna." Aliinua macho. "Nikadhani unaumwa."

Riekie alilitazama lile daftari. Alishika kitasa.

"Lile neno la ngazini, jirani," alisema. "Halikuwa la kusemwa. Nisamehe."

Mzee alivitazama viatu vyake, kama walivyofanya wote kwenye lifti.

"Aukje angelicheka," alisema. "Mimi ndiye huchelewa kucheka." Kisha, kama mtu anayetoa ripoti: "Mwaka na miezi minane nakula mkate na jibini, mezani, peke yangu. Halafu naingia kulala, na kule ndani kuna nyama yenye siki. Ile haikuwa harufu, bibi. Yalikuwa mateso."

Alichomoa fomu. Haikuwa na neno hata moja. Alimpa, akasema bomba limepona na kwa hiyo hana la kuandika humo. Ndipo pua yake ikafika mahali ambapo adabu ilikuwa imeizuia kufika.

"Hachee," alisema. "Karafuu tatu."

"Nne."

Alitoa penseli kwenye mfuko wa shati, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akafuta idadi ya karafuu, akaandika upya. Alitazama saa yake. Ilikuwa imepita dakika nne, alisema, na mtu saa hiyo anapaswa kuwa mezani kwake. Akamtakia jioni njema, akageukia ngazi.

Nyuma ya Riekie kidude cha ukutani kilianza kulia, ti, ti, ti, kwa ajili ya dirisha. Hakugeuka.

"Harkema," aliita, na sauti yake ikateremka ngazi zote mpaka chini, jengo zima likasikia. "Hilo sufuria ni la watu watano, na leo niko peke yangu. Acha kunitazamia saa. Vua viatu, uingie ule."