Mngurumo Waliousubiri Makunduchi

Suhaib alikuwa haambiliki wala hasemezeki juu ya ile gari yake. Ukimwona asubuhi anatoka Mpendae kwenda kazini Shangani, ungedhani anakwenda kupokea nishani: gari nyekundu, milango miwili, tumbo limekaribia kugusa lami, na ekzosi ameibadilisha kwa makusudi ili watu wa Jang'ombe wajue nani anapita. Na walijua, wallahi. Watoto wachanga walikuwa wakiamka wanalia. Kazini mwenyewe alifika saa ile ile wanayofika wenziwe, maana foleni ya Michenzani haijui gari ya spoti wala gari ya punda, lakini hilo hukuthubutu kumwambia.

Jirani yake Faizal, mtoto wa mzee Pyarali mwenye duka la dawa Mkunazini, yeye alinunua gari ya umeme. Kigari kidogo, cheupe, hakina kelele. Anakichomeka ukutani baada ya Isha, asubuhi kimejaa. Petroli ikiadimika mjini, watu wakijipanga na madumu, Faizal huwapita anawapungia mkono. Hili lilimuudhi Suhaib kupita kiasi.

"Hiyo si gari," alikuwa akimwambia barazani mbele ya watu. "Hiyo ni simu ilotiwa matairi. Siku itakuzimikia Tunguu uisukume mpaka kwenu."

Watu walicheka, na Faizal alicheka nao. Ndivyo alivyo.

Sasa, mama mkwe wa Suhaib, Bi Wanu, mtu wa Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa, alikuwa yuko kwao Mpendae, huo mwezi wa pili sasa. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Akingoja zamu yake hospitali, akawa anamuuguza binti yake Nasima, mke wa Suhaib, aliyejifungua na hajatimiza arubaini. Jicho lilifunguliwa bandeji siku ya Jumapili. Masikini bibi wa watu, alikuwa akishika kila kitu akikitazama: vikombe, kucha za mjukuu, mpaka sabuni. Na kila saa alisema neno moja: Ijumaa nnakwenda kwetu nikamtazame Kulthum. Bi Ummkulthum ndiye dada yake, waliofuatana ziwa moja, na kwa miaka mitatu Bi Wanu alikuwa akimjua kwa sauti tu, uso ameuona ukungu mtupu.

Jumatano asubuhi ikaja simu. Bi Ummkulthum amefariki alfajiri. Atasaliwa Adhuhuri, azikwe.

Na hapa panataka kufahamika. Kwetu mwanamke hafiki makaburini. Akitaka kumuona maiti wake, atamuona ndani, kabla wanaume hawajalinyanyua jeneza. Likishatoka, basi. Kwa hiyo Bi Wanu hakulia wakati ule. Alivaa buibui lake, akasimama mlangoni, akasema, "Nani ananipeleka?"

Faizal alikuwa keshatoka nje na mkewe Naznin. "Twende, Bi Wanu. Naznin atakaa nawe nyuma. Chaji ipo tele, tutakwenda na kurudi."

Hebu niambie, mtu mwenye akili angesema nini? Angesema ahsante. Lakini Suhaib, aliyekwisha kuomba ruhusa kazini na kufika mbio, alisikia kama amevuliwa nguo. Mama mkwe wake apelekwe msibani na jirani, kwa simu yenye matairi?

"Mama, hiyo itazimika Jozani," alisema. "Mimi ntakufikisha dakika arubaini. Wananingoja mimi huko."

Alikuwa anajua ni uongo. Faizal alishakwenda na kigari kile mpaka Nungwi na kurudi, na Suhaib alimuona kwa macho yake. Bi Wanu aliwatazama wote wawili, kisha akamfuata mkwe, kwa kuwa hakutaka kumvunjia uso mbele ya jirani.

Gari ya milango miwili haikuumbwa kwa mama mkwe. Haya hairuhusu akae mbele ubavuni kwa mume wa binti yake, na kupita nyuma lazima kiti kikunjwe, mtu ajikunje naye. Bi Wanu alijikunja. Suhaib aligeuza uso asimuone anavyohangaika, na hapo ndipo aibu ilipomgusa mara ya kwanza. Akaizima kwa kuwasha injini.

Alikwenda mbio, si mchezo. Askari wa barabarani akamsimamisha Tunguu, robo saa nzima ya kubembeleza na kueleza msiba. Alipoachiwa akaongeza mwendo kufidia.

"Taratibu, mwanangu," Bi Wanu alisema nyuma.

"Tunafika, mama."

Walipita Kitogani, wakapita Muyuni. Karibu na Kibuteni palikuwa na tuta jipya, halijapakwa rangi, na Suhaib aliliona akiwa keshafika juu yake. Loh! Chini pakalia kishindo. Walisogea kidogo tu, gari ikafa. Aliposhuka, oili yote ilikuwa inamwagika barabarani, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka.

Alimpigia simu Silima, kaka yao marehemu na Bi Wanu. Iliita mpaka ikakata. Gari nyengine haikupita. Bi Wanu alibaki ndani, na Suhaib alishindwa kumtazama. Muadhini wa Adhuhuri alisikika kutoka msikiti wa mbali. Walikaa vile mpaka sala ikasaliwa na kumalizika, ndipo kikatokea nyuma yao, bila ya sauti, kigari cheupe: Faizal na Naznin, waliotoka mjini nyuma sana, nao wanakuja msibani.

Faizal hakusema neno la kumsuta. Laiti angesema! Alishuka, akamsaidia Bi Wanu kutoka, akamkalisha nyuma ya kiti chake cha dereva, Naznin ubavuni. Suhaib akaingia mbele.

Walipokaribia kijijini wakakutana nalo. Njia nzima wanaume, kofia nyeupe, jeneza juu ya mabega, kanga ya kijani imefunika. Faizal akasogea pembeni akasimama.

"Teremka uwaambie," alinong'ona. "Mimi hawanijui."

Suhaib aliwaona wote. Silima ndiye aliyekamata mbele. Nyuma yake wale vijana aliowatambia sikukuu ya Idi, alipowapakia mmoja mmoja na kuingurumisha gari kijiji kizima: dakika arubaini mpaka mjini, jamani, nyinyi mnasikia habari tu. Sasa ashuke mbele yao, kutoka kwenye kigari hiki, amechelewa, aanze kueleza.

"Ngoja kwanza," alisema.

Faizal alimtazama, kisha akashuka kwenda kulipokea jeneza kwa nyuma, kama anavyotakiwa kila muislamu apishanaye nalo. Suhaib akainama. Nakwambia aliinama, mtu mzima na ndevu zake, akajitia anafunga kamba ya kiatu.

"Suhaib," Bi Wanu aliita nyuma, kwa sauti ndogo sana. "Mwanangu."

Hakuitika. Alisikia nyayo zinapita, na watu wanavyomtaja Mungu, na akasikia pumzi za mama mkwe wake, ambaye hawezi kupaza sauti mbele ya jeneza na wanaume. Alipoinuka njia ilikuwa tupu. Naznin alikuwa amemshika Bi Wanu mkono, naye anamtazama Suhaib. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

Faizal akarudi, akawafikisha, akatoka tena kufuata maziko. Nyumbani kwa msiba wanawake walimpokea Bi Wanu kwa kilio. Suhaib alikaa nje juu ya jamvi, peke yake, mpaka wanaume waliporudi kutoka kuzika.

Silima alikuja kukaa mbele yake. Mzee mpole huyu, vumbi la kaburi liko mikononi bado.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmefika, alhamdulillahi. Sisi tulikungojeni, baba." Akafuta uso. "Watu walitaka kutoa mapema, nikawaambia hapana, Wanu anakuja, na Suhaib ndiye anayemleta. Gari yake tutaisikia kutoka Kibuteni. Tukaisikia kweli! Wanawake wakasema huyo anakuja, mfungueni uso. Wakamfungua. Halafu kimya. Tukangoja, tukangoja, na simu yangu sijui nimeiacha wapi. Imamu akasema basi. Hata njiani nilikuwa nimetega sikio, kwamba nikisikia inanguruma tu nitue jeneza chini, watu wageuze nyuso, dada yangu amuone mwenziwe. Lakini sikusikia kitu."

Suhaib alitazama jamvi.

"Mlipita njia gani, hata hatukukutana?" Silima aliuliza.

Mlangoni, nyuma ya pazia, alikuwa amesimama Bi Wanu. "Mimi nlochelewesha," alisema upesi. "Nlimsimamisha Kibuteni, natafuta dawa yangu ya jicho. Tukaja nyuma nyuma, nyinyi mshapita."

"Wewe Wanu!" Silima alisema kwa uchungu. "Hata leo? Kwa Kulthum?"

"Hata leo, kaka. Nisamehe."

Watu wazima waliokaa pale walitikisa vichwa. Mmoja alisema kwa sauti kwamba wenye kwenda mjini husahau kwao. Bi Wanu aliyapokea yote. Na Suhaib alijua kwamba akinyamaza, yamekwisha: lawama imepata mwenyewe, na yeye ataondoka na heshima yake nzima. Wallahi karibu anyamaze. Lakini kwenye upenyo wa pazia alimuona yule bibi, na lile jicho lake jipya limejaa machozi, analaumiwa kwa ajili yake.

"Si yeye, mjomba," alisema. "Mimi. Gari yangu ilivunjika, na Faizal angemfikisha mapema, mimi nlimzuia kwa uongo. Na njiani tulikutana. Ile gari ndogo nyeupe ilosimama pembeni, sisi tulikuwa ndani. Nlikuoneni. Nliona haya, nkainama."

Nyuma ya pazia Bi Wanu alisema, "Ah, Suhaib. Kwa nini umemwambia?"

Hapo ndipo alipofahamu, naye keshachelewa, kwamba bibi yule hakuwa akimsitiri yeye. Alikuwa akimsitiri kaka yake.

Silima hakufoka. Alikuwa akitazama viganja vyake, anavigeuza.

"Mimi nlikamata mbele, kulia," alisema polepole. "Gari ile nliigusa ubavuni, njia nyembamba, na macho nimeyainamisha chini." Kisha akainua uso. "Wanu alikaa upande gani?"

Faizal, aliyekuwa amekaa mwisho wa jamvi, alifunika uso kwa mikono.

"Upande wako, mjomba," Suhaib alisema. "Na dirisha lilikuwa wazi."