Dripu ya Mabel

Jumanne asubuhi Sabina alikuwa akipiga pasi blauzi za Madamu, nje na ndani, kama kitabu kilivyoagiza. Kitabu hicho Madamu alikuja nacho kutoka kwao, kinaeleza namna mgeni anavyoweza kukaa Newala asife. Kilisema nguo ikianikwa nje nzi huitagia mayai, mayai yakawa funza chini ya ngozi, kwa hiyo pasi ipite pande zote mbili, hata kwenye soksi. Maji yachemke dakika ishirini, yapoe, ndipo yaingie kwenye chujio. Madamu alimsomea mara moja tu. Sabina, mjane aliyeishia darasa la saba, alikishika chote kichwani na kukifuata mwaka mzima. Kwake yeye na mjukuu wake Witness walikunywa maji ya mvua kama yalivyotoka kwenye tangi.

Madamu alifundisha wauguzi, na jina lake lilikuwa Mabel. Ng'ambo ya ua wa Sabina alikaa mtoto aliyeitwa Mabel pia, mwenye miaka sita kama Witness. Jina alirithi kwa bibi wa baba yake, aliyebatizwa na wamisheni. Watu wa jina moja ni masomo, na masomo hugawana. Hilo halikuwa geni kwa mtu.

Mwezi wa tatu Madamu alishikwa na malaria. Watu wa bima yake wakapiga simu, mbuzi wakafukuzwa kiwanjani, ndege nyeupe ikatua ikampeleka Nairobi. Mabel mdogo naye alikuwa amelala na homa. Saa ambayo Madamu alitundikiwa dripu kule, plasta ilitokea kwenye mkono wa mtoto, na mrija, na juu ya mrija chupa ya maji iliyoning'inia bila msumari. Mama yake alisogeza kitanda kidogo ili chupa isigonge boriti. Akina mama wa kanisa walikuja na uji kumjulia hali, wakaitazama chupa ikidondoka, wakasema somo kamkumbuka somo. Ijumaa mtoto alikuwa akiruka kamba.

Madamu alirudi mzima, na tangu hapo kila alichofanyiwa kilimfikia mtoto. Chanjo zilimvimbisha bega. Jino lake bovu lilizibwa akiwa anakula ming'oko, vile viazi vya porini.

"Mama Cecil," Mama Mabel alimwita Sabina kutoka upande wa pili, kwa jina la mwanawe mkubwa, "leo mwanangu kapimwa macho. Kaona mpaka herufi za chini kabisa."

"Mungu ni mwema," alisema Sabina, akikamua shuka la Madamu.

Aliendelea kulikamua hata baada ya maji kuisha. Maji ya Madamu alichemsha yeye, chandarua cha Madamu alichomeka yeye. Neema ilitoka mikononi mwake, ikapita juu ya paa lake, ikashukia kwa jirani.

Jumapili baada ya ibada alibaki kumwona Padre Barnaba. Alimwambia anataka Witness abatizwe Mabel.

"Alishabatizwa, Mama Cecil. Ubatizo ni mmoja."

"Hata kwa jina tu, Padre?"

"Hata kwa jina. Angoje kipaimara, labda askofu atamwongezea." Akafunga kabati la mavazi. "Wewe ni wa tisa kuniuliza."

Kipaimara hupewa mtoto akifika miaka kumi na miwili.

Mwezi wa nne Witness alishikwa na homa iliyomfanya aongee na ukuta. Zahanati walisema sindano zimeisha, arudishwe Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Sabina alipiga magoti, akasali zaburi nzima, akainuka akaenda kazini. Alichota maji ya tangi akayamimina kwenye chujio bila kuyaonesha moto. Mchana Madamu alikunywa glasi mbili na kusema asante.

Jioni Sabina alimwogesha Witness, akamwambia kuanzia sasa yeye ni Mabel.

"Nani ataniuliza jina, bibi?"

Sabina alivuta kitanda kutoka ukutani akakiweka katikati ya chumba, chupa ipate nafasi.

Kesho yake ndege ilirudi kumchukua Madamu. Sabina alikaa kitandani ameshika mkono wa Witness, akimwita Mabel, Mabel, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. Ng'ambo ya ua Mabel mdogo, aliyekuwa akicheza, alitapika mara mbili, na chupa ikatundikwa juu yake. Magharibi alikuwa ameomba ugali. Mkono wa Witness ulibaki mkavu.

Jumamosi Mujibu wa bodaboda aliwapakia mpaka hospitali, wakakaa kwenye foleni pamoja na wengine. Witness alipona. Sikio lake la kushoto halijasikia kitu tangu siku hiyo.

Madamu alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Hakugomba. Alifungua kitabu, akafuta ishirini kwa kalamu, akaandika thelathini.

"Ndiyo, Madamu," alisema Sabina.

Jumapili alitubu pamoja na kanisa zima, kwa maneno ambayo wote husema kwa pamoja na ambayo hayamtaji mtu.

Siku ile ile Mama Mabel alileta kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ilikuwa plasta iliyobanduka mkononi mwa binti yake.

"Mpe mwenzake achezee," alisema.

Witness aliibandika mkononi mwake, akaipapasa kingo zake zikashika. Akapanda kitandani, ambacho kilikuwa bado katikati ya chumba, akalala chali akitazama boriti. Sabina alimwita aje ale. Alikuwa amesimama upande wa kushoto. Alizunguka kitanda akaenda kulia, kisha hakumwita tena. Alimwacha amelala vile mpaka gundi ilipokauka, naye akaenda kuinjika maji ya Madamu.