Kuagana na Baba, Mwezi wa Januari

Kwetu huku kaskazini, kwenye theluji, mtu haagi mara moja. Unaaga mezani, unaaga mlangoni, kisha mwenyeji anakufuata hadi kwenye gari, anaegemea dirisha na kuanza habari nyingine. Ukiondoka kabla ya hapo, kaunti nzima itasema hukulelewa.

Ndivyo baba yangu, Arvid, alivyonichelewesha Alhamisi ile. Nilikuwa nimepata kazi Arizona, kusini kwenye jua, na nisipofika Jumatatu nafasi ingepewa mwingine. Tangu mama afariki nilikuwa nimeishi naye shambani, matope yakija, kisha joto la kukaba koo, kisha vimbunga vya kutukimbiza kwenye chumba cha chini ya nyumba, halafu theluji tena. Nilikuwa nimechoka kabisa.

"Baba, anga limeshakuwa jeupe, theluji inakuja. Niache niende."

"Theluji haiji mpaka usiku, Marlys. Maliza kahawa. Kwani jua la Arizona litaisha?"

Mlangoni akanipa sufuria ya viazi na nyama. Dirishani mwa gari akaanza kisa cha ng'ombe aliyenaswa kichwa kwenye ndoo. Alipomaliza, ghala la shambani lilikuwa halionekani kwa theluji. Gari langu lilifika kwenye sanduku la barua mwisho wa njia yetu tu, likazama thelujini.

Ijumaa kutwa upepo ulipiga. Theluji ikapanda mpaka madirishani, mlango wa nje ukagoma kufunguka. Baba alicheza karata peke yake. Mimi nilizunguka jikoni, ukuta hadi ukuta.

Kisha mtangazaji wa redio akasema, "Kama tulivyowaonya tangu jana alfajiri, dhoruba iliyoanza jana mchana..."

Nikasimama. Baba husikiliza redio hiyo kila alfajiri kahawa ikichemka. Maisha yangu yote sijaona nyasi alizokata zikinyeshewa, kwa jinsi anavyoufuata utabiri wa redio hiyo.

"Ulijua," nikamwambia.

Akachanganya karata. "Nilijua."

"Na kazi yangu je?"

"Ungekaa." Akaziweka karata mezani. "Nilidhani ukishakwama, ungekaa."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia, nikaenda kulala bila kula na bila kumwangalia.

Jumamosi kulipopambazuka niliamshwa na mngurumo wa trekta. Baba alikuwa ametoka kupitia dirisha la jikoni, mzee mzima, akalivuta gari langu na sasa alikuwa akisukuma theluji kuelekea barabara kuu. Nikavaa, nikaingia garini, nikamfuata taratibu nyuma ya trekta, kuta nyeupe huku na huku.

Tulipofika lami alijiweka pembeni. Nikashusha kioo, nikazima injini. Nilijua atashuka, ataegemea, ataanza. Hasira ilikuwa imeniisha, ningemsikiliza hata saa nzima.

Hakushuka. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, vile tunavyowasalimu wapita njia tusiowajua, akageuza trekta akarudi nyumbani.

Nilibaki pale kioo kikiwa chini, theluji ikipeperushwa na kuniangukia mapajani, nikisubiri habari ya ng'ombe.