Figo ya Zenon Yaomba Ruhusa

Siku Zenon anamtolea kaka yake Cleophas figo, daktari alimwita pembeni, akamuuliza kama kuna mtu anamlazimisha. "Natoa bure," akajibu. Cleophas aling'ang'ania neno hilo kama kupe. Alipopona tu, akajitwalia na kulima shamba la ulezi ambalo marehemu mama yao alimwachia Zenon.

"Una figo moja wewe, jembe utaliwezea wapi?"

"Na wewe unazo ngapi, kaka?"

"Mimi yangu mpya!"

Kilabu kizima cha pombe walimokuwa kilicheka. Zenon naye alicheka, ila kicheko kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ikafika posa ya Adela, binti wa Cleophas. Wakwe walitoka Matai. Katika ukoo wa kina Zenon, baba wa binti akishakalia kigoda hainuki mpaka mdogo wake, ambaye ndiye msemaji, afunge maneno. Akiinuka mapema, posa imekataliwa. Msemaji alikuwa Zenon. Na Cleophas, kwa agizo la hospitali, alikuwa amekunywa maji kama ng'ombe aliyeswagwa mchana kutwa toka Kaoze.

Zenon alianza na babu. Akarudi kwa babu wa babu, aliyelima mlima kwa meno. Wakwe wakanyonya pombe ya ulezi kwa mirija, wakishangilia. Cleophas akabana magoti.

"Fupisha, mdogo wangu."

"Tulia, kaka. Figo yangu naijua, ina subira."

Akahamia mvua za mwaka aliozaliwa bibi: maji yakitiririka, chururu, chururu, mpaka Ziwa Tanganyika likaomba poo. Jasho likalowesha kola ya Cleophas. Adela alimtazama baba yake asije akainuka, machozi yakimlengalenga.

"Unataka nini?" Cleophas akanong'ona.

"Shamba la mama."

"Chukua!"

"Wakwe hawajasikia."

"Shamba la ulezi ni la Zenon!" Kuku wakaruka. "Nilimnyang'anya!"

Zenon akafuta midomo, taratibu kabisa. "Wakwe, binti tumewapa."

Cleophas akachomoka. Kama aliwahi chooni hakuna aliyeuliza, ila alirudi amejifunga kitenge cha mkewe.

Kesho yake Zenon alikuwa shambani na jembe. Na kila alipopumzika, alikwenda kukojoa mpakani, akielekeza upande wa kaka yake.