Kikohozi cha Kufungua Ukurasa

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mbili, katika shule ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba matofali. Cheti changu kipo ukutani hadi leo. Kwa hiyo binti yangu alipoolewa na mpiga rangi wa magari, anayesoma kwa kuokoteza silabi kama kuku anayedonoa mtama, niliwapa baraka kwa shingo upande.

Mjukuu wangu alitimiza miaka mitatu akiwa na maneno matano tu. Majirani wakambandika jina Bi Kimya. Mwalimu wa chekechea alimpima, akasema kwa upole, "Nafasi yake nitaishikilia miezi mitatu. Asipoanza kuzungumza, itabidi nimpe mwingine." Binti yangu alirudi nyumbani macho mekundu.

"Mtoto asomewe," nikasema. "Niachieni mimi."

Nikanunua kitabu cha picha, habari za bata aliyepoteza kiatu. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, sikukwama hata mara moja. Nilipoinua macho, msikilizaji wangu alikuwa chini ya meza akichezea kandambili zangu. Kesho yake vilevile. Siku ya nne alininyang'anya kitabu akampelekea baba yake, ambaye ndiyo kwanza ametoka gereji, rangi ya bluu ingali kwenye nyusi.

"Mzee, mimi si msomaji," mkwe wangu akasema.

"Hilo tunalijua," nikajibu. Mungu anisamehe.

Akaketi sakafuni, akampakata mwanawe. Kwanza akakohoa, maana vumbi la msasa lilikuwa limehamia kifuani mwake. Kisha akaanza: "Ba-ta... ka-po-te-za..." Kila mstari ulimtoa jasho, akawa anapumzika kwenye picha. "Hebu tazama. Kiatu kimekwenda wapi?"

Akangoja. Mimi ningekuwa nimeshafika ukurasa wa nane. Yeye alingoja kama anavyongoja rangi ikauke, bila kugusa.

Mtoto akaweka kidole juu ya picha ya ziwa.

Wiki iliyofuata, kidole kilikuja na neno: "Maji." Baadaye tukasikia, "Kiatu majini." Mwezi wa pili, baba alipouliza nani amekitupa, akajibiwa, "Bata mwenyewe. Hasikii!" Kila jioni kabla ya chakula, kitabu kilekile. Nami nilishika gazeti mbele ya uso, sikio langu likiwa kwao.

"Hamchoki na huyo bata?" nikauliza.

"Mzee, mimi ndiyo kwanza naanza kumwelewa."

Miezi mitatu ikatimia, tukaenda chekechea wote wanne. Mwalimu akaweka mezani kitabu kigeni kwa mtoto, chenye mbuzi kwenye jalada. "Haya, mama, niambie unaona nini," akamwambia mtoto.

Kimya. Binti yangu akanibana mkono hadi ukafa ganzi. Mwalimu akatazama saa.

Ndipo mjukuu wangu akakivuta kitabu, akakigeuza kikae sawa, akakohoa kikohozi kizito cha mtu mzima, na kufungua ukurasa. "M-bu-zi... a-na-ta-ka... Hebu tazama! Anakwenda wapi?" Akamkazia mwalimu macho, akangoja.

"Sijui," mwalimu akasema. "Sokoni?"

"Hapana! Kwa mama yake. Kachelewa." Akakohoa tena, akafungua ukurasa mwingine.

"Huyu mtoto anaumwa kifua?" mwalimu akauliza.

Mkwe wangu akainama. "Ni mimi, mwalimu. Mimi hukohoa nikisoma. Anadhani ndivyo ukurasa unavyofunguliwa."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akachukua kalamu, akamwandika.

Tulipotoka nje, nilimwita mkwe wangu, "Mwalimu!"

Akageuka kumtafuta mwalimu nyuma yangu.

"Nakuita wewe," nikamwambia.

Siku hizi binti yangu amemlazimisha mumewe kuvaa barakoa kazini, na kifua kimepona. Lakini akisoma lazima akohoe, vinginevyo hadithi haiendelei. Nami nimepewa zamu ya Jumapili. Juzi, kwa haraka zangu za zamani, nilitaka kufungua ukurasa wa pili, mkono mdogo ukaukandamiza.

"Babu, hujakohoa."

Nikakohoa.