Msimwamshe Baba

Tangu mumewe afariki, Yasinta hakuamini usingizi wa mtu yeyote. Pale mtaani Area D walimjua kwa redio yake, iliyosema usiku kucha hata baada ya stesheni kufunga, ikabaki inakwaruza peke yake. Mgeni aliyelala kwake alijuta. Kila baada ya saa alitikiswa bega: "We! Umelala?" Sasa mtu ajibu nini hapo?

Mwaka 2001 yeye mwenyewe akaambiwa ana kisukari. Soda aliacha, wali alipunguza, vidonge alimeza, na sukari ikazidi kupanda. Mwezi wa tatu wa kwenda kliniki, nesi Cecilia akaweka kalamu chini.

"Mama Erica, usiku unalala saa ngapi?"

"Silali."

"Basi tumempata mchawi. Mwili usiolala haushushi sukari vizuri. Ukiendelea hivi utapoteza macho, mama yangu. Nini kinakunyima usingizi?"

Yasinta akacheka kicheko kikavu, akafunga khanga yake, akaondoka. Angesemaje kwamba ni marehemu mumewe?

Nikodemo, mumewe, alikuwa karani wizarani mpaka wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1993. Akapata ulinzi wa usiku kwenye karakana moja Kizota. Naye alikuwa na kisukari, cha kujichoma sindano. Kichupa cha dawa alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mtungi wa maji, kisipate joto. Alijichoma kila asubuhi, kisha akala hapo hapo, kama alivyofundishwa.

Asubuhi moja ya mwaka 1994 alirudi macho mekundu, akajichoma, akautazama uji wa uwele uliokuwa ukimngoja mezani.

"Nitaunywa. Ngoja kwanza ninyooshe mgongo. Msiniamshe."

Yasinta alimpenda yule mwanaume, na alimhurumia. Akafukuza kuku dirishani, akafunga pazia, akaenda kwa jirani kuomba muziki upunguzwe. Chumbani Nikodemo alikoroma kuliko siku zote, na mkewe akafurahi kwamba leo amelala usingizi wa maana. Erica, binti yao wa miaka sita, akatoka huko.

"Mama, baba ametota jasho. Nimemwita, haitiki."

Akamzaba kofi. "Nimesema baba asiamshwe!"

Mtoto akalia bila kutoa sauti, maana nyumba ilitakiwa iwe kimya. Saa saba mchana ndipo Yasinta alipogundua kwamba hata mkoromo umekoma. Uji ulikuwa umefanya utando juu. Hospitali walimweleza kwamba dawa ilishusha sukari ya mtu ambaye hajala, na kwamba kikombe cha uji kingetosha kumwokoa.

Lile kofi hakumsimulia mtu. Lakini kila alipofumba macho, mkoromo ulianza tena nyuma ya pazia, naye alijiona amesimama mlangoni, kidole mdomoni, analinda ukimya. Alitaka kupiga kelele. Yule mwanamke wa mlangoni alimgeukia na kumnyamazisha: shii.

Siku ile nesi alipomuuliza habari za usingizi, Yasinta alitoka kliniki akafika nyumbani akiyumba. Erica, sasa msichana wa miaka kumi na mitatu, alimshika mkono akamlaza, akavuta kigoda kando ya kitanda.

"Lala, mama. Nitakuangalia."

"Erica, siku ile ya baba yako..."

"Naikumbuka."

Yasinta alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ulisema kweli, nikakupiga. Ungesikilizwa, baba yako angekuwa hai. Nisamehe, mwanangu."

Erica aliinama, akakunja ncha ya shuka. Redio ilikuwa inasema peke yake.

"Mimi nilidhani nilimuua mimi," akasema. "Kwa sababu sikukwambia mara ya pili."

Yasinta akainuka akamkumbatia, akalia kwa sauti kubwa kuliko alivyolia msibani. Miaka saba! Miaka saba mtoto amebeba mzigo usio wake, chumba cha pili tu, naye mama mtu alikuwa anamwamsha usiku kumuuliza kama amelala.

"Hukumuua, Erica. Unasikia? Hukumuua."

Erica akafuta machozi kwa kiganja, akamlaza tena, akamwekea mkono kwenye paji la uso.

"Ukinikuta nimetota jasho?" Yasinta akauliza.

"Nitakuamsha. Hata ukinipiga."

Yasinta akanyoosha mkono, akazima redio.