Simu ya Kumfaa Mama

Badr bin Amur alikuwa mtu wa majedwali. Gari alilinunua kwa jedwali, nyumba ya mtaa wa Ansab aliijenga kwa jedwali, na ndugu zake walikuwa wakimtania kwamba hata mkewe alimchagua hivyo hivyo, faida upande huu na hasara upande ule, na maskini yule mwanamke hajaambiwa mpaka leo alishinda kwa alama ngapi. Kwa hiyo mama yake alipopotea kwa saa mbili nzima katika vichochoro vya soko la Matrah, mwezi wa Shaaban, kitu cha kwanza alichofanya Badr baada ya kumrudisha nyumbani ni kufungua kompyuta. Juu kabisa akaandika: Simu ya kumfaa Mama. Chini yake akagawa safu mbili, moja ya iPhone na moja ya Android.

Bi Mahbuba alikuwa na miaka sabini na sita, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka kidogo kidogo. Leo jina la mjukuu, kesho chumvi aliyokwisha kuitia chunguni. Unguja aliyoiacha akiwa msichana aliikumbuka yote, nyumba kwa nyumba. Na mkono wake wa kutoa haukusahau kitu. Mgeni akisifu bangili, bangili ni yake. Akisifu kikombe, anaondoka nacho kimefungwa kwenye karatasi, na ole wake akatae. Wageni walikuwa wakionywa mlangoni wasisifu chochote. Jambo hilo nyumba nzima ililijua na kulichekea, lakini katika jedwali la Badr halikuwamo.

Shatha, dada yake mdogo, alikuwa nesi katika kliniki moja na ndiye aliyeishi karibu zaidi na mama, chumba kwa chumba. Yeye alitaka mama abaki na Android yake ya miaka sita.

"Kaka, mama kapotea Matrah, kapatikana vipi?" alimuuliza. "Kabonyeza mwenyewe picha yangu, nikampata kwa muuza udi. Simu ile ina vitufe vitatu chini, anakijua cha kumrudisha nyuma. Na mie nimemwekea picha nne tu kwenye kioo. Vidole vyake vishazowea."

"Na siku asipoweza kubonyeza?" Badr alisema. "Siku akili ikimruka kabisa? Nyumba hii sote tuna iPhone. Mama akiwa nayo, nafungua yangu namwona alipo. Hana haja ya kubonyeza kitu."

"Android nayo inaonyesha mtu alipo."

"Inaonyesha, lakini mpaka upakue hiki, uruhusu kile. Huku kila kitu kishakuwemo. Na hizo picha kubwa unazozitaka huku zipo pia."

"Haina kitufe cha kurudi."

"Anapandisha kidole tu."

"Vidole vyake vikavu, kaka. Kioo hakivisikii."

Badr akaandika "vidole vikavu" kwenye hasara na kuipa alama moja. "Kumwona alipo" akaipa kumi. Mtu akishaamua jibu kabla ya hesabu, alama humfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. iPhone ikashinda, Badr akachapisha karatasi na kuibandika kwenye friji, ili Shatha aione kila akifungua.

Simu mpya ilikuja na laini mpya. Wiki ya kwanza Bi Mahbuba aliishika kwa heshima, akaitazama, kisha akaiweka juu ya mto na kurudia yake ya zamani. Hapo ndipo Badr alipofanya jambo ambalo mimi nikilifikiria mpaka sasa damu hunichemka. Aliitoa laini ya ile simu ya zamani akaikata kwa mkasi.

"Atazowea," alisema.

Simu yenyewe alitaka kuitupa. Shatha akamlilia aiache, kwani mle ndani zilikuwamo sauti za marehemu baba yao, na mama alizisikiliza kila asubuhi akinywa chai. Ikabaki kando ya kitanda, haina laini, inategemea waifai ya nyumba tu. Mama alielezwa, akasahau. Kwake ilikuwa simu yake ile ile, na kwa kweli ndani ya nyumba ilimtumikia vile vile: akibonyeza picha ya Badr na kusema maneno mawili, ujumbe wa sauti ulimfika Badr kazini. Badr aliacha kuujibu. Alitaka mama aone kwamba simu ile haina maana tena, ahamie kwenye mpya.

Likafika joto la Julai. Mke wa Badr na watoto walikwenda Salalah kutafuta manyunyu, nyumbani wakabaki watatu, na siku za kazi Bi Mahbuba alikuwa peke yake mpaka saa tisa. Badr hakuwa na wasiwasi. Kila baada ya muda alifungua simu yake akakiona kidoti cha mama kwenye ramani kimetulia Ansab, akaendelea na kazi.

Siku ya Jumatatu Shatha alirudi akakuta mlango wa nje uko wazi na mama hayupo. Alimpigia kaka yake huku akigonga mlango wa jirani. Jirani huyo, Khattab, alikuwa askari mstaafu, mtu wa sauti nzito asiyengoja kuombwa mara mbili. Alitoka na wanawe, akawaita na mafundi waliokuwa wamejipumzisha kwenye msikiti, wakagawana barabara na kuanza kuita.

Badr alifungua simu. Kidoti kilikuwa Rusayl.

Alishtuka, kisha akatulia, na pengine hata akajisikia fahari. Mama alikuwa mbali lakini anaonekana. Alipita nyumbani kumchukua Shatha, akashusha kioo cha gari.

"Khattab, ahsante ndugu yangu! Waambie warudi ndani, jua litawaua bure. Mama nishamwona. Yuko Rusayl."

"Rusayl?" Khattab aliuliza. "Kafikaje?"

"Teksi, labda. Waambie warudi."

Shatha hakutaka kuingia garini. "Kaka, mama pesa hana. Viatu vyake vya kutokea viko ndani, nimeviona. Niache mie nitafute huku, wewe nenda huko."

"Shatha, utatafuta nini mahali ambapo hayupo? Mashine haisemi uwongo. Nikimkuta kazimia nani atamshika, si wewe nesi? Ingia."

Akaingia. Nyuma yao Khattab alikuwa akiwaita watu wake warudi, na walipofika kwenye mzunguko wa kutokea mtaani, msikiti ukaadhini alasiri.

Rusayl ni maghala na viwanda, barabara pana zisizo na mti, malori yamejipanga. Kidoti kiliwafikisha kwenye maghala matatu yaliyopakana, hapo kikabaki kinayumba, mara huku mara kule. Badr alipiga simu ya mama, ikaita bila kupokelewa. Wakazunguka, wakauliza walinzi, wakachungulia nyuma ya makontena. Shatha alikuwa akiita "Mama!" mpaka koo likamkauka. Nusu saa nzima ilipotea hivyo, na Badr kila alipopiga tena alijipa moyo kwamba angalau simu ina chaji.

Mwishowe, ndani ya ghala la maji ya kunywa, waliusikia mlio wake. Ulitoka kwenye mfuko wa suruali ya dereva mmoja aliyesimama kati ya magaloni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza ndevuni. Jina lake Shihab, mtu wa Malindi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea maji kila wiki, na Bi Mahbuba alimpenda kwa sababu ya Kiswahili chake.

"Sikuiba, bwana," alisema kabla hajaulizwa. "Nilisema tu, simu nzuri mama. Akanishikisha mkononi. Nimekataa mara tatu, akakasirika, akasema namvunjia heshima. Nilitaka niirudishe kesho kwako mwenyewe."

"Na mbona hupokei?"

"Ningepokea nikwambie nini? Mimi dereva wa maji, nina aifoni ya mama yako mfukoni. Arbab aliyeniajiri angenipandisha ndege nirudi kwetu leo leo, na nina watoto wanne."

"Mama yuko wapi?" Shatha aliuliza.

"Mama?" Shihab aliwatazama wote wawili, hakuelewa. "Nilimwacha mlangoni kwake, mzima. Saa saba hivi. Ananipungia mkono."

Badr aliipokea ile ya mama, akabaki na simu mbili mikononi, zote mbili zikionyesha kwa usahihi kabisa pale aliposimama. Shatha alikuwa ameshafika garini.

Aliyempata ni Khattab. Roho haikumtulia, alitoka tena peke yake baada ya kuswali, akaanza kupekua nyumba zisizokwisha kujengwa. Nyuma ya nyumba ya nne kutoka ya Badr, mtaa wa pili, Bi Mahbuba alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Alipokaa bila shaka palikuwa na kivuli, lakini kivuli kilikuwa kimeshahama. Mkono wa kushoto ulishika waya mweupe wa chaja, umekunjwa vizuri. Mkono wa kulia ulishika simu yake ya zamani. Khattab alipombeba kumtia garini simu ikaanguka, akaiokota na kuitupia kwenye kiti cha nyuma.

Daktari alisema ni joto. Alisema pia, kwa upole, kwamba roho ilikuwa imetoka zamani kidogo, kiasi cha saa moja au zaidi. Badr alihesabu kurudi nyuma, maana kuhesabu ndiko alikokujua, akafika kwenye maghala ya Rusayl.

Walimzika asubuhi. Adhuhuri majlis ya Badr, sebule yake ya wageni, ilijaa watu, kahawa na tende zikizunguka, kila aingiaye akimpa pole, adhama Allahu ajrak, naye akiitikia kwa midomo tu. Mzee mmoja alisema kwamba zama hizi kuna mitambo ya kuonyesha wazee walipo, na kwamba watu hawana budi kuinunua. Badr akamsogezea mzee yule sahani ya tende.

Khattab alichelewa kufika. Aliingia na ile simu ya zamani mkononi, ameifuta vumbi.

"Ilibaki garini, ndugu yangu," alisema akiinama kumpa. "Bado inawaka. Nimeona niilete mwenyewe."

Simu iliyokuwa mkononi mwa Khattab iliijua nyumba ile. Alipovuka kizingiti tu ilikuwa imeshaunga na waifai. Ndani ya kanzu ya Badr kitu kikatetemeka, kikatetemeka tena, mara saba kwa kufuatana, mpaka aliyekaa kando yake akamgeukia. Badr aliitoa simu yake. Juu ya kioo lilikuwa jina alilolizima moyoni miezi mitano: Mama, namba ya zamani. Chini yake zilijipanga sauti saba.

Alitoka uani, akasimama chini ya viyoyozi vinavyodondosha maji, akaiweka simu sikioni.

"Badr, baba, usinigombeze. Ile simu yako nimempa Shihab, kaipenda. Nimesahau kumpa waya wake, basi nnamkimbilia."

"Gari yake siioni. Labda kapinda huku."

"Baba, nyumba zote hizi nyeupe. Yetu ipi?"

"Nimekaa kidogo, pana kivuli. Nna kiu. Ukija niletee maji."

"Mbona huniitikii, mwanangu? Shatha kanambia nikibonyeza hapa unanisikia. Au n'shakuudhi?"

Badr alitamani kuacha, lakini kidole kilibonyeza ya sita chenyewe. Pumzi za mama zilikuwa fupi. Nyuma yake, si mbali hata kidogo, watu walikuwa wakiita, sauti juu ya sauti: Khala Mahbuba! Khala Mahbuba!

"Nnawasikia," mama alisema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na furaha. "Wananiita. Wanakuja. Nnaitikia, sauti haitoki, lakini wanakuja hao."

Kisha sauti ya Khattab, nzito, kila neno limesikika: "Khalas, rudini! Rudini ndani! Badr kamwona!"

"Umeniona, baba?" mama aliuliza.

Adhana ya alasiri ikaanza, ikafunika kila kitu.

Ya saba ilikuwa na dakika mbili na haikuwa na neno. Badr aliisikiliza yote. Ilipokwisha aligeuka akamkuta Shatha amesimama mlango wa jikoni na buibui lake jeusi, ameshanyoosha mkono. Badr angeweza kuzifuta zile sauti, palikuwa na kitufe cha kufuta, kidole kilikuwa juu yake. Akampa simu.

Ndani, Khattab alikuwa bado ameishika ile ya zamani, hajui pa kuiweka, na kahawa yake inapoa. Kioo kikawaka mbele ya macho yake. Kando ya zile sauti saba, moja baada ya nyingine, alama zilikuwa zimegeuka buluu.

"Zimefika," alimwambia mzee aliyekaa karibu naye. "Alhamdulillahi. Keshazisikia."